Mali ya Mji Wetu na Daftari Lake

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Jiografia alitupa insha ya kuandika darasani. Swali lilikuwa hili: chagua mji mmoja unaokua, ueleze nguvu zake za uchumi. Mimi nilichagua Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, na nyumbani kwetu ni Mbezi Beach. Nilipata alama 17 katika 20, na mwalimu akaisoma insha yangu mbele ya darasa. Nilifurahi kama afurahivyo mwanafunzi yeyote. Lakini nilipokwenda likizo ya Juni nilikuta jambo lililonionyesha ya kuwa alama zile sikuzistahili zote. Kwa hiyo Mhariri alipoomba makala za gazeti letu, niliona afadhali niiandike insha ile mara ya pili. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya somo lile. Hii naiandika kwa Kiswahili, ili wazazi wetu nao waisome, na asiyejua kusoma asomewe.

Kwanza nitarudia kwa ufupi yale niliyoyasema darasani, maana hayakuwa ya uongo.

Hapo kale Dar es Salaam palikuwa kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari yake, ambayo mlango wake ni mwembamba na maji yake ya ndani ni matulivu, akaanza kujenga mji. Alipofariki mwaka 1870 kazi ikalegea. Siku zile mji wenye sifa katika pwani hii ulikuwa Bagamoyo, ambako misafara ya bara ilifikia na pembe zake. Lakini Bagamoyo haina bandari yenye kina. Majahazi yaweza kuikaribia pwani yake, meli kubwa haziwezi. Basi Wajerumani wakayahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Biashara ikaifuata bandari na reli, na Bagamoyo ukabaki na sifa zake za zamani. Barabara kuu ipitayo kwetu Mbezi yaitwa mpaka leo Barabara ya Bagamoyo. Upande mmoja yaelekea mji uliokuwa mkubwa, na upande wa pili yaelekea mji ulio mkubwa sasa.

Nguvu ya kwanza ya Dar es Salaam, basi, ni bandari. Haiitumikii Tanzania peke yake. Mizigo ya Zambia, Kongo, Malawi, Burundi, Rwanda na Uganda hupita hapo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 mpaka Ndola. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Na mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya zilianza kuchukua abiria kwenda Morogoro, kisha Dodoma.

Nguvu ya pili ni mali iliyo ardhini. Gesi iligunduliwa Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ikaendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na kuwasha tanuri la kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Bomba jingine kutoka Mtwara lilifunguliwa mwaka 2015, nalo hulisha mitambo ya Kinyerezi. Kiwanda cha Wazo hakiko mbali na kwetu, nacho kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Mawe ya chokaa yako palepale kilimani, gesi huletwa mpaka mlangoni, na saruji hutoka hapo ikapita njia yetu usiku na mchana. Nani asiyeuona utajiri huo?

Nguvu ya tatu ni watu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji ulikuwa na watu wapata 270,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hao wote wanataka kula, kuvaa, kupanda basi na kulala chini ya paa, na kila haja ni kazi ya mtu mwingine. Wafanyabiashara wa nchi jirani hufunga safari kuja kununua bidhaa Kariakoo.

Nilimaliza insha yangu kwa maneno haya: "Mji huu ni tajiri, na utazidi kuwa tajiri." Mwalimu aliweka alama ya vyema pembeni. Yeye simlaumu hata kidogo, kwa maana alisahihisha yale niliyoyaandika, na mimi ndiye niliyeacha kuandika kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Baba yangu ana lori moja la tipa, kuukuu. Kazi yake ni kuchukua mchanga na kokoto kuwapelekea wajenzi na wafyatua matofali. Serikali ilifuta ada za kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, lakini godoro langu, sanduku langu, sare, viatu, sabuni na nauli ya kuja huku bweni vyote vimetoka katika lori lile. Kwa hiyo nisemapo habari za mchanga, msidhani nasema kama mtu aliye mbali nao. Nimesomeshwa na mchanga.

Sehemu kubwa ya mchanga huo hutoka mtoni. Mto Mbezi wakati wa kiangazi ni mdogo, mtoto auvuka bila kulowa magoti. Hapo ndipo vijana wenye makoleo huingia na kuchota tangu alfajiri. Lori moja likitoka, jingine linaingia. Mimi mwenyewe tangu nikiwa darasa la sita nimekwenda pamoja na utingo wa Baba, nikakaa juu ya shehena, na nilijiona mtu mkubwa.

Karibu na mto anakaa mama mmoja mzee, mjane. Sisi watoto wa mtaa wote twamwita Bibi, ingawa si bibi yetu wa kuzaa. Nyumba yake ilijengwa zamani, wakati mto ulikuwa mbali na uwanja wake. Desemba iliyopita aliniomba nimpandie migomba nyuma ya choo chake. Nilipima kwa hatua ili nijue migomba mingapi itatosha. Kutoka ukuta wa choo mpaka ukingo wa mto zilikuwa hatua tisa. Nikapanda migomba sita katika mstari mmoja, nikaiwekea na samadi, kisha nikarudi shuleni.

Mwezi Juni, siku ya pili ya likizo, nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Habari za masomo?"

"Nzuri, Bibi. Migomba yangu haijambo?"

Bibi hakujibu. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Migomba haikuwapo. Choo hakikuwapo. Mvua za masika ziliuleta mto kwa nguvu, ukingo ukamomonyoka usiku mmoja, na asubuhi akakuta vipande vya matofali chini kabisa katika maji. Nilipima tena. Kutoka ukuta wa chumba anacholala mpaka ukingo zilikuwa hatua nne.

"Ulinipandia migomba," akasema, "lakini mto umekula kabla yangu."

Penye ukingo palikuwa na magunia yaliyojazwa mchanga, yamepangwa kama ukuta mdogo. Nikamwuliza nani aliyeyaweka. Akasema, "Si baba yako? Aliniletea nusu lori bila kuniomba hata senti moja. Mungu ambariki."

Ndugu wasomaji, sikujua nitazame wapi. Mchanga ule wa magunia ulitoka mto uleule, na lori lililouleta ni lile lililoutoa. Baba alimtendea Bibi wema kwa moyo safi, na wema wenyewe ulikuwa sehemu ya kile kilichomdhuru.

Siku zile nilifikiri sana juu ya mambo tuliyofundishwa kuhusu mito. Mto hauchukui maji tu, huchukua na mchanga kutoka vilimani, ukaupeleka polepole mpaka baharini. Tukichota mchanga kupita kiasi, sakafu ya mto hushuka. Maji hupita chini zaidi, yakaanza kuchimba miguu ya kingo, na kingo zikikosa miguu huanguka. Na ule mchanga uliokwenda kwenye matofali haufiki pwani, basi pwani nayo hukonda. Wenyeji wa Mbezi na Kunduchi waikumbuka Hoteli ya Africana, iliyokuwa na sifa kubwa kwa wageni. Bahari ilikula ufuko wake hata hoteli ikaachwa, na wataalamu waliochunguza pwani ile walitaja kuchotwa kwa mchanga mitoni kuwa moja ya sababu. Leo jina lake limebaki kuwa jina la kituo cha basi.

Lakini haifai kuwatwika wenye malori lawama zote. Mapaa yetu ni mengi, na nyua zetu tumezitandika saruji, hata mvua haina mahali pa kunywewa na ardhi. Yote hukimbilia mtoni kwa mara moja. Tena wengi tumejenga karibu mno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka meta 60 kutoka ukingo wa mto au bahari ziachwe salama. Ukipita mabondeni mwa mji wetu utaona ni nyumba ngapi zimeingia ndani ya meta hizo, na nyingine mto ndio uliozifuata, kama ya Bibi. Na mnunuzi wa mchanga naye je? Yule mwenye jumba la ghorofa na ukuta mrefu hakuuliza mchanga wake umetoka wapi. Aliuliza bei.

Jioni moja Baba alikuwa sebuleni akiandika hesabu zake. Yeye hana masomo mengi, lakini ni mtu wa daftari. Kila siku huandika tripu ngapi, dizeli ya kiasi gani, malipo ya utingo na ya vijana wa koleo, na mpira ukipasuka aandika na mpira. Nikamwomba nilitazame, akanipa, akafurahi kuona mtoto wake apenda kazi yake. Mimi nasoma somo la utunzaji wa hesabu, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kila kiingiacho kina mahali kilikotoka, na pande zote mbili lazima ziandikwe. Nilifungua kurasa nyingi. Kisha nikasema kwa adabu:

"Baba, hatua tisa za Bibi zimeandikwa wapi?"

"Hatua gani?"

Nikamweleza nilivyopima mwezi Desemba na nilivyopima sasa. Baba alikasirika. Akasema, "Nikiacha mimi, kesho wataingia wenzangu kumi. Mto utapona kwa kuwa lori langu limelala? Na wewe utarudi shule kwa miguu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Alichosema ni kweli. Nikanyamaza, nikaenda kulala.

Asubuhi Baba aliniamsha mapema, akaniambia nimfuate. Tulikwenda mpaka kwa Bibi. Baba akasimama penye ukuta wa chumba, akapima mwenyewe kwa hatua zake. Kwa kuwa yeye ni mrefu, alipata hatua tatu na nusu. Akasimama pale ukingoni kitambo, akitazama chini. Kisha akamwamkia Bibi, akamwuliza kama anahitaji maji, tukarudi. Njiani hakusema neno.

Wiki ile lori halikwenda mtoni. Baba alipata mahali pengine pa kuchukua mchanga, shimo lenye kibali, mbali nje ya mji. Zamani alikuwa akipata tripu nne kwa siku, sasa alipata mbili. Dizeli ikazidi, na wateja wawili wakamwacha kwa sababu ya bei. Likizo ilipokwisha nilirudi shuleni na viatu vyangu vilevile, na kufuli ya sanduku langu bado ni mbovu. Kituoni Baba aliniambia waziwazi, "Sikuahidi kwamba nitaweza siku zote. Najaribu." Na kweli, tulipopita darajani kwa basi niliona malori mengine mtoni, kama alivyosema.

Sasa nitarudi kwenye swali la mwalimu. Je, Dar es Salaam ni mji tajiri? Naam, ni tajiri. Lakini nguvu zake si za namna moja. Bandari ni nguvu idumuyo, maadamu yatunzwa na kuchimbwa kina chake. Watu ni nguvu inayozidi, maadamu wanafundishwa na wana afya. Mchanga hurudi, lakini hurudi kwa mwendo wa mto, si kwa mwendo wa malori. Na gesi hairudi kabisa. Anayeziweka zote katika orodha moja na kuandika "utajiri" juu yake, kama nilivyofanya mimi, amehesabu upande wa kuingia tu.

Tunayo mifano karibu. Ile gesi ya Songo Songo yatoka wilaya ya Kilwa, na Kilwa Kisiwani ulikuwa wakati fulani mji wa fahari katika pwani hii, kwa kuwa dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akausifu. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia, biashara ile ikawatoka wenyeji, na leo wageni huenda kutazama magofu. Tena ukumbukeni mkonge wa Tanga. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za plastiki zilipoenea duniani bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaota magugu. Kilwa na Tanga haikuwa miji ya wavivu. Kila mmoja uliegemea mno kitu kimoja, na kitu kile kilipoondoka haukuwa na cha kushika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nami nayatoa kwa heshima, kwani mimi ni mwanafunzi tu. Kwanza, mchanga utolewe mahali palipopimwa na kwa kiasi kilichopimwa, na kibali kiwe cha kweli, si karatasi ya mfukoni. Pili, sehemu ya ushuru wa mchanga irudi mtoni, ijenge kingo kwa mawe yaliyofungwa katika nyavu za waya. Tatu, wajenzi wazoee mchanga utokanao na mawe yaliyosagwa, pale ufaapo. Nne, mwenye lori mmoja mwenye lori kuukuu asiachwe peke yake kubeba gharama ya kuwa mwema. Kama mchanga wa halali ni ghali zaidi, basi na mwenye jumba la ghorofa alipe bei yake, maana nyumba yake ndiyo inayokula mto.

Na kwenu wenzangu wa bweni naomba jambo moja dogo. Tunatoka mikoa mbalimbali, na kila mmoja kwao kuna kitu kinachotolewa: mkaa, magogo, samaki, mawe, dhahabu. Mwendapo likizo, chukueni kipimo chochote, hata kama ni hatua za miguu yenu, mpime kilichobaki, mkaandike tarehe. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Baba lilikuwa zuri, na insha yangu ilikuwa nzuri, lakini zote mbili zilikuwa na ukurasa mmoja mtupu.

Kabla sijaondoka nyumbani nilipigilia mambo ya mti penye ukingo wa Bibi, hatua nne kutoka ukutani. Bibi aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kuhesabia. Akacheka, akasema, "Basi hesabu vizuri, mjukuu wangu, maana mimi ndiye nilalaye hapa." Mtihani wetu wa mwisho ni mwezi Novemba. Mwezi Desemba, Mungu akipenda, nitakuwa nyumbani, nami nitakwenda kupima tena.